Kibuyu Namba Moja

Nimeona watu wakipanga harusi, nimeona watu wakipanga vita, na nimeona ndugu wa mume wakipanga namna ya kumfukuza mke. Lakini watu wanaopanga safari mpaka safari yenyewe inaoza mikononi mwao, hao nimewaona mara moja tu, na walikuwa Wadachi. Walianza kupanga tulipokuwa tunavuna mtama. Wakapanga tulipopura, wakapanga tulipojaza vihenge, na siku walipoondoka nchi ilikuwa imekauka kabisa, ng'ombe wanalamba mawe. Mume wangu angeipanga safari ile kwa muda wa kufunga shuka kiunoni.

Tulikuwa tunakaa Busi, nusu siku kwa miguu kutoka boma lao. Kazi yangu ilikuwa vibuyu, kama mama yangu na mama yake. Vya maziwa, vya asali, vya mafuta, vya maji ya safari. Kiswahili nilikipata humo humo, katika kuwauzia watu wa misafara, na matusi yake niliyajua kabla ya salamu. Mume wangu alikuwa mtu wa mizinga na magadi. Kila mwaka alikwenda kaskazini, kule nyika za mbali ambako unatembea siku nyingi bila kuona moshi wa jiko la mtu, akatundika mizinga yake na kurudi na asali na mifuko ya magadi. Njia alifundishwa na baba yake. Kaka yake alibaki huko huko, kwenye kipande kimoja cha njia chenye siku tatu bila tone la maji. Nyumbani kwetu ukisema "zile siku tatu," hakuna aliyekuuliza siku zipi.

Basi Wadachi wakaja na habari yao. Nyika ile, wakasema, tangu leo ni pori la serikali. Wanyama wake ni wa serikali, na atakayeingia bila karatasi atalazwa chini apigwe viboko hamsa ishirini. Mume wangu alilisikiliza tangazo mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo nani atakwenda kuwaambia nyuki. Hazikupita wiki mbili, askari wakaja kumchukua. Bwana Mkubwa wa boma anataka kwenda kulitazama pori lake, kulichora na kuhesabu twiga, na katika watu wake wote hakuna hata mmoja anayejua liliko. Ebo! Umemnyang'anya mtu kitu, halafu unamwomba akuonyeshe kilipo!

Nilidhani atarudi amekasirika. Akarudi na tarbushi nyekundu kichwani, meno nje.

"Mimi ndiye kiongozi wa njia," akasema.

"Wewe ndiye mbuzi wa kutangulia," nikamjibu. "Vua hilo tarbushi, kuku wanakushangaa."

Hakulivua. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakisifiwa wanaharibika haraka, sijui kwa nini. Alikwenda bomani kila Jumatatu kwa shauri la safari, na kila Jumatatu jioni nilisimuliwa habari za masanduku. Kulikuwa na sanduku la sahani, na sanduku la chupa. Kulikuwa na meza inayokunjwa, kitanda kinachokunjwa, na birika kubwa la kuogea, nalo linakunjwa. Kulikuwa na wavu wa kunasia vipepeo. Nikauliza vipepeo wamekosa nini. Akasema ni elimu.

Mimi sikuwa nafikiria vipepeo. Nilikuwa nafikiria zile siku tatu. Mwanzo wa kiangazi unazivuka kwa kibuyu kimoja kizuri, ukinywa kwa akili, kwa sababu asubuhi kuna umande na jua halijawa kali. Mwisho wa kiangazi hata mtu aliyezaliwa njiani anazivuka kwa kudra tu. Kila Jumatatu iliyopita ilikuwa inakatwa kwenye maisha ya mume wangu, na yeye ananihesabia vijiko vya Mdachi. Nililala na hasira, nikaamka na hasira.

Siku moja nikafuatana naye, kwa kisingizio cha kupeleka vibuyu sokoni, ili nione kwa macho yangu hicho kinachopangwa. Nilikaa chini ya baraza. Bwana Mkubwa alikuwa ametandaza karatasi mezani, kubwa kama ngozi ya ng'ombe, na penseli za rangi amezipanga kama vidole. Alikuwa mtu mwembamba, shingo ndefu nyekundu, asiyepaza sauti wala kucheka. Pembeni yake alisimama mkalimani.

Huyo mkalimani lazima nimweleze. Alikuwa mtu wa pwani, umri wa kaka yangu mkubwa, kanzu nyeupe inayofuliwa kila siku wakati sisi maji tunayagombania na nyani, na bakora ya mpingo. Alijitapa kwamba ameikanyaga nchi yote hadi maziwani. Sisi sote tulijua hajavuka Kolo, hapo jirani tu. Na huko Kolo alipelekwa kuona zile picha za kale miambani, akarudi kabla ya adhuhuri akilalamikia unyayo. Nilimwamkia, "Shikamoo, bwana." Akatazama juu ya kichwa changu, kana kwamba salamu imetoka kwa paa la nyumba. Hata marahaba hakunipa. Marahaba ni neno la bure, halina kodi, naye akalibana.

Mume wangu alikuwa anaeleza habari ya korongo moja lililo kati ya zile siku tatu. Korongo la mchanga mtupu. Ukilichimba mwaka mzuri unapata maji kidogo, mwaka mbaya unapata mchanga wa chini. Alieleza vizuri, kwa mikono na kwa mdomo. Lakini Bwana Mkubwa alikwisha kulipaka rangi ya buluu kwenye karatasi yake, kama mto. Nilimwona mkalimani akiitazama ile buluu, akimtazama bwana wake, akimeza mate. Kisha akasema maneno mawili ya Kidachi, na bwana akatingisha kichwa ameridhika. Mto ukabaki mto.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia mume wangu, "Umeona? Yule hakusema ulichosema."

"Si kitu. Tutabeba maji."

"Mtabebea nini?"

Hapo ndipo shauri lilipoingia mlangoni kwangu. Jumatatu iliyofuata ikaja amri kwa wanawake wa Busi: leteni vibuyu vya maji kwa watu sitini wa msafara, na vinne vya ziada kwa maji ya kuoga ya Bwana Mkubwa. Ndiyo, ya kuoga! Watu wanaingia mahali ambapo kaka wa mume wangu alikufa akilamba jani, na watu wanne watabeba maji ya kusugulia mgongo. Nilisonya mpaka ulimi ukaniuma. Hata hivyo nilifurahi kidogo, maana walau tumeulizwa sisi tunaojua. Tukachagua vibuyu vyetu bora. Mimi nilimpa mume wangu kibuyu cha marehemu mama yangu, cheusi kwa miaka ya moshi, hakivuji, na maji yake yanakaa siku nne yakiwa matamu.

Tulipovipanga bomani, Bwana Mkubwa akapita kwenye mstari na kitambaa puani. Akakisukuma kibuyu cha mama yangu kwa ncha ya kiatu.

"Bwana Mkubwa anasema hivi ni vichafu," akatangaza mkalimani. "Vinanuka moshi, vingine vimeshonwa. Anataka vipya. Vyote kipimo kimoja, vyote rangi moja, viandikwe namba. Siku kumi."

Nikasimama. Wenzangu walinivuta shuka, lakini nikasimama. Nikamwambia yule mkalimani pole pole, kama ninavyomwambia mtoto. Kibuyu kipya ni kichungu. Nyama yake ya ndani ina uchungu wa kumgeuza mtu matumbo, atatapika, ataharisha, na mahali pasipo na maji hiyo ndiyo kufa. Ndiyo sababu tunakifunda. Unakikata mdomo, unakijaza maji ya moto, unakiacha nyama ioze. Unatia kokoto unatikisa, unamwaga, unajaza tena. Kila siku unagusa yale maji kwa ncha ya ulimi, na siku ulimi ukinyamaza ndipo unakifukiza kwa makaa. Mwezi na nusu, kama huna haraka ya kuua mtu. Ule weusi anaouita uchafu ndio kazi yenyewe.

Nilisema kwa muda wa kuchambua ungo mzima wa maharage. Mkalimani akageuka, akatafsiri kwa maneno manne.

"Bwana Mkubwa anasema siku kumi," akasema. "Visipopatikana, mumeo atakwenda na mnyororo shingoni."

Tukarudi nyumbani tumebeba vibuyu vyetu vichafu. Wanawake walikuwa wanalia njiani, maana karibu kila nyumba ilikuwa imetakiwa mtu wa kubeba mzigo. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria zile nguo za mkalimani, na macho ya Bwana Mkubwa, macho yanayoona rangi tu. Nikawaambia wenzangu: hawa watu wanataka upya wa nje. Tuwape wa nje.

Asubuhi yake ua wangu ukajaa. Tulikwangua vibuyu vya zamani kwa vigae, tukavisugua kwa mchanga na majivu, tukaondoa weusi wote wa nje mpaka ngozi ikatoka nyeupe kama ya kibuyu cha juzi, kisha tukapaka mafuta ya nyonyo ving'ae. Ndani hatukugusa. Kuna mwanamke alikikwangua kibuyu cha maziwa cha bibi yake huku akikiomba radhi. Mimi nilikikwangua cha mama yangu. Moshi wa jiko lake, wa miaka yote ile, ukaanguka miguuni kwangu vumbi jeusi, na hapo nusura nitupe kigae niende nikawatukane Wadachi wote hadharani. Lakini nikaendelea.

Tulipata sitini kamili. Vinne vya kuogea nilitengeneza vipya kwelikweli, siku tisa tu, vichungu kama shubiri. Mgongo wa Mdachi hauna ulimi, nikasema, na wanawake wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Usiku ule ule, sijui kwa nini nasema usiku, jua lilikuwa bado halijazama, nikamweleza mume wangu kila kitu. Nikamwonyesha: vile vinne havina kovu hata moja, vina rangi ya dhahabu. Msinywe hivyo.

"Wewe mwanamke una akili mbaya," akasema, na akacheka, na alikuwa anajivuna.

Siku ya kukagua, vibuyu vilipangwa uani bomani mistari sita. Bwana Mkubwa akapita tena, safari hii bila kitambaa. Alifurahi. Niliona shingo yake ikilegea. Akafika mwisho kwenye vile vinne, akakiokota kimoja, akakizungusha juani. Kilikuwa kizuri, kwa nini niseme uongo, kilikuwa kimejaa mviringo na ngozi yake haina doa. Akasema jambo kwa mkalimani, kisha akamwita mume wangu mbele.

"Bwana Mkubwa anasema hiki ndicho bora kuliko vyote. Anampa kiongozi wa njia. Kitaandikwa namba moja. Kila mtu atakunywa cha namba yake tu, askari watasimamia."

Mume wangu akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akanitazama. Nikamtazama.

Sasa niambie, ungefanya nini? Nikisema kwamba hicho ni kichungu, wataniuliza na hivi vingine je, mbona havikuwa vichungu, nao ni vipya? Watajua tumekwangua. Watavitupa vyote sitini, watadai vipya vya kweli, na waume na kaka wa Busi nzima wataingia kwenye zile siku tatu na sumu mabegani. Nikinyamaza, anakwenda nayo mmoja tu, na huyo mmoja ni wangu. Nikanyamaza. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau nikiwa nimesimama pale, mikono nyuma, mdomo nimeubana kama mdomo wa mfuko.

Tulipewa siku mbili za kusuka kamba za kubebea vibuyu, pale pale uani, na mkalimani alikaa na kopo la rangi nyekundu akiandika namba. Kibuyu cha mama yangu kilikuwa cha kwanza kwenye mstari, kikawa namba mbili, naye akakiweka kando kuwa chake. Nilimwona anavyoandika ile mbili. Aliiandika kwa uchungu, kama mtu anayetia sahihi talaka yake mwenyewe. Mtu wa kanzu, mtu wa bakora, mbili! Na mrina asali mwenye magaga miguuni, moja!

Nikasogea na kamba zangu. Sitasema sikujua ninachofanya.

"Bwana mkalimani," nikasema, "samahani, mimi mshenzi sijui taratibu za wakubwa. Lakini watu kule nje wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Wanasema, kumbe mkalimani anakwenda nyuma ya mume wangu. Mimi nimewagombeza. Nimewaambia labda kuna makosa ya kuandika."

Brashi ikasimama hewani, tone la rangi likaanguka kwenye kanzu yake asilione. Nikarudi mahali pangu nikasuka. Kabla ya adhuhuri namba moja ilikuwa imefungwa kwenye mzigo wa mkalimani, na mume wangu amepewa namba mbili. Bwana Mkubwa aliambiwa kwamba kiongozi mwenyewe ameomba hivyo kwa heshima. Sikumpenda mtu yule, na sikujiuliza zaidi ya hapo. Nilijiambia atatapika kidogo, kanzu itachafuka, dunia haitaharibika. Huo ulikuwa uongo, na niliujua, na nilitembea kurudi Busi nikiwa mwepesi.

Waliondoka Ijumaa, na ngoma, na bendera, na birika la kuogea juu ya kichwa cha jirani yangu. Mume wangu mbele na tarbushi lake. Kwenye bega lake niliona kibuyu cha mama yangu na ile mbili nyekundu, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Mvua zilipoanza, wakarudi. Jumbe wa Busi akaja kwangu na tarbushi mkononi, bila kichwa ndani yake.

Walisema ni kiu. Walisema alikufa siku ya tatu ya zile siku tatu. Nikauliza na mkalimani je. Wakasema mkalimani amerudi, amekonda tu. Nilipiga ukelele, na watu walidhani ni wa msiba. Ulikuwa wa hasira. Mwenye sumu amerudi na mwenye maji matamu amekufa! Nilimtukana mume wangu mbele ya wafiwa wenzangu, nikamwita mjinga, nikamwita mpumbavu, nikasema amepewa kibuyu bora katika nchi nzima akashindwa kunywa. Wanawake wakaniziba mdomo kwa khanga.

Nikakaa eda. Wiki ya tatu, nikiwa ndani, mlango umerudishwa, nikasikia bakora ikigonga chini uani. Watoto wakasema kuna mzee wa kanzu. Nikasema mimi niko edani, sionani na wanaume, aende zake. Hakwenda. Akaketi chini, nje, mgongo kwenye ukuta wangu wa udongo. Nilimsikia akihema.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtu wa umri wa kaka yangu! Marahaba sikumpa.

"Nimekuletea kibuyu chako."

"Weka hapo uondoke."

"Nina maneno ya mumeo."

Basi nikasogea ukutani upande wa ndani, na akasema akiwa nje, simwoni, hanioni. Akasema kwenye kambi ya mwisho yenye maji, mume wangu alimfuata akamwambia: mwaga maji ya kibuyu hicho, hakijafundwa, nitakugawia ya kwangu. Yeye akadhani ni wivu, akamfukuza. Siku ya kwanza alikunywa, akaona uchungu, akajiambia ndio usafi huo. Siku ya pili alikuwa anatambaa. Na ule mto wa buluu wakaufikia, wakauchimba mpaka kifuani, mchanga mtupu. Bwana Mkubwa akatazama saa yake. Akasema ratiba ni ratiba, mgonjwa alazwe kivulini na askari mmoja, watamrudia. Kisha akaoga, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuoga.

"Mumeo akaja," akasema mkalimani, "akaniinua kichwa, akaninywesha. Yote. Nikamwuliza, na wewe? Akasema, 'Kunywa.' Nikamwuliza kwa nini. Sisi si ndugu. Nilikunyima tafsiri, nilimnyima mkeo marahaba. Akasema..."

Nikasikia bakora ikikwaruza udongo.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Namba haikuhama yenyewe. Hiyo ni kazi ya mke wangu. Ukifa na kibuyu chake mkononi, Mdachi ataandika kwamba umelishwa sumu, watakwenda Busi watamnyonga. Kwa hiyo hutakufa.' Na alicheka, mama. Wallahi alicheka."

Nikaweka kiganja ukutani.

"Kesho yake niliweza kusimama, nikawafuata, naye alitembea mbele bila maji," akaendelea. "Alituongoza mpaka tukaliona bwawa. Akakaa chini, akatuonyesha kwa kidole, watu wote wakakimbia. Hata mimi nilikimbia. Nilikunywa kwanza. Nilipokumbuka na kumpelekea, ilikuwa imekwisha." Akakohoa. "Bwana Mkubwa aliniuliza niliugua nini. Nikamwambia nilikula matunda ya porini. Ameandika hivyo. Na anapanga safari nyingine, ameridhika sana na vibuyu."

Akakipenyeza kile kibuyu mlangoni, palipokuwa wazi kidogo. Nikakichukua. Ile mbili ilikuwa imebanduka nusu. Nikakinusa mdomoni, ndani kilikuwa kikavu, kinanuka moshi wa jiko la mama yangu, na nikakumbuka majina yote niliyomwita mume wangu mbele ya watu, mjinga, mpumbavu, na hakuna aliyekuwepo kunijibu kwa niaba yake.

Nje, yule mtu alikuwa bado amekaa. Anasubiri, na mimi nilijua anasubiri nini. Nilimwacha akasubiri kwa muda mrefu sana, mpaka watoto wakaja kuchungulia. Kisha nikasema kupitia ukuta, "Marahaba," nikamsikia akiinuka.